Kisu cha Mwindaji: Mwongozo kwa Anayerudi Runyenjes Krismasi

Wewe mwana wa Runyenjes unayeishi Nairobi umeapa kwamba Desemba hii hutafika nyumbani mikono mitupu. Umenunua kisu, tena cha kuwindia. Upande mmoja kina makali, mgongoni kina meno ya msumeno, ndani ya mpini imefichwa dira, na ala yake imechorwa mnyama mwenye pembe kama matawi. Kabla hujapanda matatu ya Embu, soma hapa.

1. Lijue windo lako. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo haikumhurumia hata anayesaka kitoweo cha nyumbani: faini, au kifungo ndani, au vyote viwili. Kwa hiyo waache tembo wa msitu wa Mlima Kenya na shughuli zao. Windo lako ni beberu aliyepandishwa kutoka Ishiara kwa pikipiki, miguu imefungwa kamba. Kumnyatia si lazima.

2. Pima kwa kiganja. Kisu kirefu ni cha sinema. Cha kuchunia kinatosha bapa la urefu wa kiganja, makali yamepinda kidogo kama mwezi mchanga, ncha isiwe kali mno. Ncha ya sindano hutoboa utumbo, au mbaya zaidi, nyongo. Nyongo ikipasukia kwenye nyama, jina lako litatajwa kila Krismasi hadi wajukuu.

3. Usidanganywe na mng'ao. Chuma kinachong'aa hakishiki kutu kwa urahisi, ila kikishakuwa butu kukinoa ni kazi ya mchana kutwa. Kile cha fundi wa jua kali, kilichofuliwa kutoka springi ya lori, kitaota kutu ukikisahau kwenye umande. Lakini kipitishe kwenye jiwe dakika chache tu, kitanyoa malaika ya mkono. Ukikosa jiwe, pindua kikombe cha udongo: ule ukingo wa chini unaokwaruza utakufaa. Na meno ya msumeno? Hayo hukusanya manyoya ya mbuzi na kuyahamishia kwenye nyama.

4. Shika mpini, si sifa. Damu na mafuta huteleza. Mpini wa mbao uliozungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli haukutoki mkononi. Mpini wenye dira ni laini kama sabuni, na boma la kwenu lina lango moja tu, hujawahi kupotea.

5. Jifunze kukiweka chini. Hii ndiyo siri ambayo muuza kisu hakukwambia. Mbuzi akishaning'inizwa kwenye mti wa avokado, mchunaji stadi hupasua ngozi kutoka ndani kwenda nje, makali yakitazama juu, asikate manyoya wala kuchafua nyama. Kisha hukichomeka kisu kwenye gogo na kuingiza ngumi kati ya ngozi na nyama. Anasukuma, anavuta, ngozi inavuka kama soksi. Ngumi haitoboi. Ngozi yenye matundu hushuka daraja, na mnunuzi wa ngozi hana muda wa kusikia habari za dira.

6. Jiandae kwa ukaguzi. Utamkabidhi mjomba kisu kwa mikono miwili. Atakipima uzito, atapitisha kidole gumba kukingama na makali, kisha atauliza, "Hiki ulinunua pesa ngapi?" Usiseme. Ukisema, atakitazama kisu, atamtazama mbuzi, na utaona kabisa anapiga hesabu. Halafu atasema kwa upole, "Ni kizuri, baba. Kiweke mahali watoto hawafiki." Hiyo ni hukumu, wala haina rufaa. Kisha atachomoa chake, kilicholiwa na jiwe miaka na miaka hadi kikabaki chembamba kama jani la muwa.

7. Elewa methali. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wanasiasa wetu wameishika sana hiyo, wakidhani inahusu vyeo. Nyuma ya zizi inahusu maini. Mchunaji huyatoa yakiwa bado na joto, huyakatakata, huyatupa juu ya makaa na chumvi kidogo, na wanaogawana ni watatu: aliyeshika kisu, aliyeshika mguu wa mbuzi na aliyewasha moto. Wengine wote husubiri supu.

Nawe hutakosa kazi. Utaitwa jikoni kwa shangazi zako, upewe beseni la nyanya, vitunguu na dhania, ukate kachumbari ya watu arobaini. Na haki ya Mungu, hapo kisu chako kitang'ara: hakuna kinachokata nyanya zilizoiva kama meno ya msumeno.

Ukisikia harufu ya maini inapita dirishani, fungua mpini uitazame dira. Itakuonyesha kaskazini. Maini yalikuwa nyuma ya zizi, na yamekwisha.