Uwanja Hauuzwi

Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ikatukuta watu 765,179. Nyumba zinahitajika, hilo halina ubishi. Watumishi waliohamia hawawezi kulala juu ya mibuyu.

Ila ramani ya mtaa wetu ni kitabu cha hadithi. Siku niliyokabidhiwa kiwanja nilioneshwa kwa kidole: hapa soko, pale zahanati, na huku penye rangi ya kijani ni uwanja wa watoto. Nikalipa bila kinyongo, nikijua nanunua na upepo humohumo. Leo soko ni fremu za biashara, zahanati ni gesti, na uwanja umezungushiwa ukuta wenye maandishi mekundu: "Kiwanja hiki hakiuzwi." Kweli hakiuzwi. Kilishauzwa.

Watoto wamehamia barabarani, goli lao matofali mawili ya jirani anayejenga. Jirani ni mpole, lakini kila jioni anayahesabu.

Tukiuliza, tunajibiwa kwa sauti ya semina kwamba maendeleo yana gharama. Sawa, mheshimiwa. Mbona basi ankara anapelekewa mtoto wa darasa la tatu?

Mkija tena na kamba zenu za kupimia, wakubwa, njooni na mpira mpya. Ule wa zamani umetobolewa na seng'enge ya ukuta wenu.