Koki Iliyoachwa Wazi

Usiku wa kuamkia sherehe ya somo wa jumuiya yetu ndogondogo, iliyopangwa kufanyika nyumbani kwetu, maji yalirudi. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2022, Mto Ruvu umepungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, na kwetu Kimara tulishazoea koki inayotoa upepo tu. Mtu aliifungua ya jikoni, akakuta kavu, akaiacha hivyohivyo. Kitambaa cha kuoshea vyombo kilikuwa kimeziba tundu la sinki. Kando yake, juu ya stuli, lilikaa dishi lenye kilo 15 za mchele wa pilau, ambao mama mkwe wangu aliuchambua jioni nzima.

Alfajiri baba watoto aliteremsha miguu kitandani akakanyaga maji. Jikoni, koridoni, sebuleni, vigae vyote vimefunikwa. Kapeti la manyoya ambalo altare ingewekwa juu yake lilikuwa limevimba. Sinki lilimwagikia kwenye dishi usiku kucha, na mchele ukalala majini. Anayejua pilau anajua maana yake: ukiutia kwenye mchuzi unapata bokoboko. Padre angefika saa nne, pamoja na jumuiya nzima na wageni wa jumuiya jirani.

Ndani ya nyumba kukawaka moto. Mama mkwe alitaka kujua ni nani aliyeacha koki wazi. Baba watoto akawasimamisha watoto wote watatu mstari mmoja sebuleni, miguu majini, na hakuna aliyefungua mdomo.

Ndipo mwenyekiti wetu akapiga hodi. Ni mama mjane, fundi cherehani, na alikuwa amekuja mapema na kisu chake mwenyewe cha kukatia vitunguu. Aliitazama sebule, akawatazama watoto kwenye mstari. Hakuuliza nani. Alivua viatu, akapandisha kitenge akakikaza kiunoni, akaniambia, "Mama, matambara yako wapi?" Kisha akamgeukia kijana wangu wa kwanza: "Baba, shika huku, tulitoe hili sofa."

Waliokuja kumenya vitunguu saumu wakajikuta wanapiga deki. Katibu alisukuma maji kwa ufagio hadi varandani. Wanaume walitoa makochi na kufunga turubai chini ya mwembe. Likabaki kapeti.

Sasa, katika jumuiya yetu walikuwepo mweka hazina na mama mmoja muuza vitenge ambao hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya hela ya mchezo. Walishakalishwa vikao, wakaombewa, wakashikishwa mikono mbele ya watu, na wakirudi nyumbani kila mmoja na lake. Mwenyekiti aliwapa kapeti, mmoja huku, mwingine kule, na hakuongeza neno la mapatanisho. Walianza kulisokota. Mara ya kwanza wote wawili walizungusha upande mmoja, kapeti likabingirika hewani bila kutoa tone. Wakajaribu tena, likawa vilevile. "Wewe peleka kulia, mimi napeleka kushoto," akasema mweka hazina. Maji yakashuka kama bomba, yakawalowesha wote wawili magauni, na muuza vitenge akacheka kwa sauti. Hela ya mchezo waliizungumza baadaye, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za uani, bila msuluhishi.

Habari ya mchele ilimfikia jirani yetu Hajjati, akaingia kwa mlango wa uani. Alichota punje chache, akazisaga kati ya kidole gumba na cha shahada. "Huu si wa pilau tena, mwanangu. Huu umejiandaa kuwa vitumbua." Akamtuma mjukuu wake alete vikaango na blenda. Mchele ukasagwa na tui la nazi, sukari, hiliki na hamira, ukafunikwa uumuke wakati sisi tunasali. Nyama ya pilau ikageuzwa mchuzi mzito. Wakati wa Misa tuliimba chini ya mwembe tukizungukwa na makochi yanayoanikwa, na Hajjati aliketi jikoni akilinda unga wetu.

Kwenye matangazo, kabla ya baraka ya mwisho, kijana wangu akasimama. Alikuwa na miaka 17 wakati huo, umri wa kuziona jumuiya kuwa mambo ya akina mama. Akasema koki aliifungua yeye usiku, akasahau kuifunga, na anaomba radhi. Tangu asubuhi alikuwa akikamua matambara bega kwa bega na mwenyekiti, na mama huyo hakuwa amemuuliza lolote. Alimjibu, "Asante baba. Tukimaliza hapa, utagawa sahani."

Somo wetu ni Mtakatifu Andrea, na siku ile nilimwelewa. Ndiye aliyemleta ndugu yake Simoni Petro kwa Yesu, na walipokosa chakula cha umati ndiye aliyemwona kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili. Hakuwa na ufumbuzi, lakini alitazama kilichopo, akakileta mbele. Vivyo hivyo, katika Matendo ya Mitume sura ya 6, Kanisa la Yerusalemu lilitikiswa na manung'uniko ya chakula: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume waliagiza wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie huduma ya meza. Stefano, shahidi wa kwanza wa Kristo, alitoka kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa ukanda wetu, hawakukosea mwaka 1976 walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Kanisani tunamwona kiongozi akiwa na kipaza sauti. Nyumbani tunamwona akiwa na tambara. Siku hizi ni rahisi kutuma mchango kwa simu, kukodi mpishi na kufika muda wa kula. Mchango huo ni mwema na unalipia turubai, lakini haukamui kapeti, na watu waliokosana hawakutanishwi na muamala.

Uchaguzi wa viongozi ukifika, huwa tunatafuta msemaji mzuri, mwenye gari, mwenye kujulikana parokiani. Mimi nawasihi wanajumuiya wenzangu watafute jambo moja zaidi: mambo yakiharibika, huyu mtu huanza na swali gani? Anayeanza na "nani?" hukusanya watu waoga, na kila mmoja hujificha nyuma ya mwenzake. Anayeanza na "matambara yako wapi?" hupata mikono ya kufanya kazi, na ukweli humfuata kwa miguu yake. Wazazi tulipime swali hilo pia mezani kwetu, kwa sababu kiongozi wa jumuiya ya kesho anajifunza leo kwa kutusikiliza sisi tunavyouliza kitu kikivunjika.