Kamati ya Safari

Mtanzania mpeleke popote, jambo likishahusu zaidi ya watu watatu ataliundia kamati. Sisi tunaishi Dandenong, kusini-mashariki mwa Melbourne, na mkwe wangu alipopata viza ya kuja kutusalimia kutoka Kilwa, mume wangu hakusema "tumtembeze Mama". Alisema "tukae kikao". Akajipa uenyekiti. Dada yake, yaani wifi yangu, akawa mweka hazina kwa kuwa ndiye pekee kati yetu asiyekopeka. Shemeji, mume wa wifi, Mkongo wa Uvira aliyetangulia kufika nchi hii kuliko sisi sote, akakabidhiwa usafiri. Mimi nikawa katibu, cheo ambacho nyumbani kwetu maana yake ni kupika na kuandika kwa wakati mmoja. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, ahadi za michango zikaanza kumiminika, na ajenda ikawa moja tu: likizo ya Desemba, shule zikifungwa, Mama atapelekwa wapi?

Mama mwenyewe hakuwekwa kwenye kundi.

Vikao vilifanyika jioni, na jioni za Desemba Melbourne hazijui kwisha. Saa mbili usiku jua bado lipo juu ya mapaa, watoto wako nje wanapiga mpira, na Mama yuko dirishani na tasbihi yake akiisubiri magharibi isiyokuja. Kwa hiyo wajumbe hawakuwa na sababu ya kuondoka, na hoja zilizidi kuzaana.

Tatizo la Australia ni ukubwa wake. Ukiitazama kwenye ramani ya ukutani unaona kisiwa kilichojikalia peke yake huko chini, ukadhani wiki mbili zitakitosha. Ni kilomita za mraba milioni 7.7 hivi, Tanzania nane zinaingia. Kila mjumbe alikuja na Australia yake. Mwenyekiti alitaka Uluru, lile jiwe jekundu la katikati ya nchi. Wifi alitaka meli ya kitalii. Shemeji alitaka Gold Coast, ambako ana jamaa na kwa hiyo malazi ni bure. Binti yetu mkubwa alitaka matumbawe ya Great Barrier Reef, na alipoulizwa ni sehemu gani hasa, akajibu kwamba yana urefu wa zaidi ya kilomita 2,300, tuchague wenyewe. Mwalimu Nyerere alituachia msemo kwamba kupanga ni kuchagua. Kamati yetu ilipanga kila siku na haikuchagua hata mara moja.

Hoja ya meli ndiyo iliyotangulia kupita, kwa sababu wifi alikuja na picha. Mabwawa ya kuogelea darini, kumbi za chakula zisizofungwa, sinema, michezo ya watoto. Ingeng'oa nanga Sydney, ikae baharini siku tatu, irudi Sydney. Mwenyekiti alikwishalipa kishika uchumba ndipo akaona ni adabu kumjulisha mgeni rasmi.

"Inakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Inarudi Sydney, Mama."

"Nimesikia inarudi. Inakwenda wapi kwanza?"

"Haiendi mahali, Mama. Watu wanakula, wanaogelea, wanapumzika, basi."

Mama ni mjane wa nahodha. Marehemu alikuwa akipakia boriti na kuzipeleka Unguja kwa jahazi, na bahari kwake yeye ni barabara ya kwenda kutafuta riziki. Alimtazama mwanawe kwa huruma. "Baba yako akitoka na chombo halafu akarudi hakufika popote, hatukuiita safari. Tuliita hasara."

Hata hivyo si Mama aliyeizamisha meli ile. Ilizamishwa na masharti yaliyoandikwa kwa herufi za mchwa. Chumba kilikuwa cha watu wanne, vitanda viwili vya chini na viwili vinavyoshushwa kutoka darini, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia mwanamke wa miaka sabini apande ngazi. Isitoshe, meli za aina hiyo hazipokei mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, na kitinda mimba wa wifi alikuwa na minne. Mweka hazina aliyeileta hoja ndiye aliyekuwa amembeba pingamizi mapajani. Pesa ya awali ilirudi nusu, na nusu ikaandikwa kwenye daftari mstari wa kwanza.

Mwenyekiti hakuvunjika moyo. Kesho yake alikuja na ramani na kalamu nyekundu. Tutakwenda Uluru kwa gari: Melbourne hadi Adelaide, kutoka hapo kaskazini kupitia Port Augusta na Coober Pedy, mji ambamo watu wamechimba nyumba zao chini ya ardhi kuukimbia joto, kisha tukunje kushoto Erldunda. Kwenye karatasi ilikuwa sentimita chache. Binti yetu akazijumlisha: kilomita 2,300 hivi, kwenda tu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama 1,150. Maana yake uende Mwanza, ugeuze, urudi Dar, ndipo uwe umefika; na nyumbani bado ni mbali vilevile. Tena Desemba, mwezi ambao katikati ya nchi ile joto linakaribia nyuzi 40 bila kuomba radhi.

"Tutapumzika njiani," akasema mwenyekiti, na kufungua buti la gari. Ndani mlikuwa na hema la watu kumi, bado kwenye mfuko wake.

Alikuwa na jambo moja moyoni: kulipanda lile jiwe. Mita 348 kutoka chini hadi kileleni, apige picha, aitume Kilwa. Ikabidi mtoto tena amwambie baba yake kwamba kupanda kulipigwa marufuku tangu tarehe 26 Oktoba 2019, na kwamba tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo: siku kama hiyo mwaka 1985 ndipo wenyewe wa pale, Waanangu, walipokabidhiwa tena ardhi yao. Kwao lile jiwe ni mahali patakatifu, na walikuwa wakiwaomba wageni miaka na miaka wasipande.

Mwenyekiti akaanza kutafuta njia ya kulizunguka tamko hilo. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Wenye mzimu wao wakisema usiingie, unaingia kufuata nini? Kwenu hukufundishwa?" Hema likarudi buti, na daftari likapata mstari wa pili.

Hapo kijana wetu wa darasa la tano akaomba nafasi kwenye mengineyo. Alikuwa amesoma shuleni kwamba mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia aliyekuwa akilinda visiwa vya Wessel, huko kaskazini pembeni mwa Arnhem Land, aliokota sarafu mchangani. Baadhi zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Tano zilikuwa za shaba, na zilipokuja kuchunguzwa na wataalamu miaka mingi baadaye, ikaonekana ni za masultani wa Kilwa. Za Kilwa Kisiwani, hapohapo ambapo Bibi akisimama ufukweni Kilwa Masoko anapaona ng'ambo ya mkondo. Zilifikaje huko, wataalamu hadi leo hawajakubaliana. Hoja ya mtoto ilikuwa nyepesi: twendeni tukaokote nyingine, maana ni mali ya kwetu.

Kikao kilinyamaza kidogo. Shemeji akakumbusha kwamba Arnhem Land ni ardhi ya wenyeji na mgeni haingii bila kibali. Mwenyekiti akaanza kuuliza kibali kinaombwa wapi. Wifi akafunga daftari kwa kishindo.

Mama yeye alikuwa ameacha mchele. Akataka aelezwe upya, taratibu, kuhusu zile sarafu: zilikuwa ngapi, zilikuwa nyembamba au nene, ziko wapi sasa. Akaambiwa zilipelekwa makumbusho Sydney. Akatafakari, halafu akasema, "Basi huyo aliyezileta hakuunda kamati."

Nilikuwa katibu, nikaliandika kwenye muhtasari kama lilivyotoka. Baada ya hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu alimuuliza Mama anataka nini. Hakusita, inaonekana jibu alikuwa nalo tangu uwanja wa ndege. Meli hana ugomvi nayo, ila iwe meli inayokwenda mahali. Na gari nalo liwemo, kwa sababu hawezi kushuka bandari ya watu akaanza kubembeleza madereva. Na pawe na baridi kidogo, kwa sababu joto analo kwao.

Shemeji akapiga goti lake. "Tasmania!" Hoja ilipita bila kura.

Meli ya kwenda kisiwa cha Tasmania inavusha abiria na magari usiku kucha, saa kumi hivi, mpaka Devonport. Tuligawana magari mawili. Shemeji alitangulia na mkewe, mtoto mchanga na nusu ya mizigo. Nilipomwambia afungue tiketi aangalie anwani, alicheka. "Ile njia nayijua muzuri, shemeji. Nilishaipandaka."

Ni kweli alishaipanda, zamani, ilipokuwa ikiondokea Port Melbourne. Tangu Oktoba 2022 inaondokea Geelong. Sisi tukiwa tumeshafika foleni ya Geelong, simu ikaita. "Hapa hakuna meli," akasema. Nyuma yake nilimsikia wifi akisema maneno ambayo katibu hakuyaandika. Walikuwa na kilomita sabini na ushee za kukimbiza, na lango linafungwa kabla ya meli kuondoka.

Mbele yetu kulikuwa na mtihani mwingine. Tasmania inalinda tufaha na cheri zake kama mboni ya jicho, na anayevuka haruhusiwi kuingia na matunda wala mboga mbichi. Kijana mwenye mbwa akatuomba tufungue boksi la barafu. Mama ndiye aliyelipakia. Lilikuwa na embe za Queensland alizozichagua mwenyewe soko la Dandenong, moja moja, akizinusa kwenye kikonyo na kulalamika kwamba hazifikii boribo. Chini yake ndimu, pilipili mbichi na chupa ya achari. Kijana akaeleza kwa upole: nzi wa matunda. Nikatafsiri.

"Namjua," Mama akasema. "Kwetu ameshamaliza miembe. Mwambie ana haki." Kijana akafurahi, akanyoosha mkono kuelekea pipa la taka. Mama akamzuia. Kuzuiwa asivuke nazo alikubali, kuzitupa hakukubali. Akaomba kisu.

Akakaa kwenye ukingo wa saruji kando ya gari, akatandaza kanga mapajani, akaanza kumenya. Anamenya kutoka juu kwenda chini bila kuukata utepe wa ganda, kisha anakata mashavu mawili, anakupa, na kokwa analigawia mtoto aliye karibu. Chumvi na pilipili ya unga alikuwa nayo kwenye kipande cha gazeti. Maji ya embe yalitutiririka hadi viwikoni. Magari yakatupita, watu wakitoa vichwa madirishani. Kijana alisimama na mbwa wake, akakaribishwa, akakataa, akakaribishwa tena. Embe kumi na moja ziliisha papo hapo, maganda na makokwa tukayatia pipani wenyewe. Achari ikapita, maana imeshapikwa. Ndimu sita hazikulika. Zilikwenda.

Embe ndizo zilizomwokoa shemeji. Gari lake lilitokea tukiwa tunanawa mikono kwa maji ya chupa, dakika chache kabla ya lango kufungwa, wifi akiwa ametazama dirisha la upande mwingine.

Mlango wa bahari wa Bass, tuliotakiwa kuuvuka, una sifa mbaya, na sababu yake Mama aliieleza kabla hatujatoka bandarini, kwa kuyatazama tu mawimbi: maji mafupi na upepo mrefu. Kina chake ni kama mita 60 tu, na pepo za magharibi zinafika pale bila kuzuiwa na nchi yoyote kutoka mbali sana. Usiku wa manane mwenyekiti wa kamati, mtoto wa nahodha, alikuwa amekumbatia mfuko wa karatasi. Mama alimpa kipande cha tangawizi kavu kutoka kwenye pindo la kanga, akamwambia atazame mbele asitazame chini, kisha akalala fofofo hadi alfajiri.

Tasmania ilimpa alichokiomba na ziada. Cradle Mountain, katikati ya kiangazi, palikuwa na baridi iliyomfanya avae koti langu, la mume wangu, na kanga juu yake. Jioni wanyama waitwao wombat walitoka kula majani hatua chache kutoka njiani, na watoto hawakuzungumza jambo jingine wiki nzima isipokuwa kwamba kinyesi chao kina pembe nne. Hema la watu kumi halikufunguliwa. Mlinzi wa kambi alitushauri tukodi kibanda chenye jiko la kuni, na hakuna mjumbe aliyeomba mwongozo.

Tuliporudi Dandenong tulifanya kikao cha mwisho cha kuvunja kamati, safari hii Mama akiwa kiti cha mbele. Mweka hazina alisoma taarifa ya mapato na matumizi. Meli isiyopandwa, nusu ya malipo. Hema, kamili. Mafuta ya shemeji kwenda Port Melbourne, kwa hiari yake mwenyewe. Embe, kumi na moja, zimeliwa, hakuna hasara. Akauliza kama kuna nyongeza.

"Ipo," Mama akasema. "Andika madeni. Yule kijana mwenye mbwa, ndimu sita."

Wifi akaandika.