Vaa Kandambili Kabla ya Kufungua Friji

Nyumba yenye ethi mbovu haijifichi. Mgeni huitambua kabla chai haijamiminwa, pale mwenyeji anapomwambia, kwa sauti ileile ya kumwelekeza chooni: "Maji ya baridi yamo kwenye friji, ila vaa kandambili." Kandambili zenyewe zipo, ya bluu na ya njano, zimetulia mbele ya friji zikingoja mteja. Watoto wa nyumba hiyo wanajua kufungua friji kwa kanga kabla hawajajua kuhesabu. Mwenye nyumba ukimuuliza atacheka: "Aa, hilo linasalimia tu."

Mimi nilisalimiana na la kwangu miaka mitatu, nikiwa mpangaji Tabata, Dar es Salaam. Kwa hiyo mwongozo huu si wa kuhadithiwa. Umeandikwa na mtu aliyezipitia njia zote tunazotumia majumbani kutafuta ethi ilikopotelea, na ambaye bado ana vidole kumi vya kuandikia.

Anza na mgongo wa mkono. Wazee walituambia usiguse kwa kiganja, gusa kwa nyuma ya vidole, na hapo walijua walisemalo: umeme ukipita misuli hujikunja, na kiganja kikijikunja kinashika. Miliampea kumi na kitu zinatosha kumfanya mtu ashindwe kuachia. Zikifika 30 zikapita kifuani, moyo unaweza kupoteza mdundo wake. Birika la wati 2,000, lile la kuchemshia chai ya asubuhi, linavuta karibu miliampea 9,000, kwa hiyo usitegemee ukutani kuna uhaba. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji betri. Ubaya wake ni kwamba siku kitakaposoma sawasawa, msomaji hatakuwepo kutoa majibu.

Tena majibu hutegemea umemtuma nani. Fundi akija na buti zake, akasimama juu ya kapeti, atalipapasa friji lote asisikie kitu: "Bosi, mbona zima hili?" Dada wa kazi akiligusa pekupeku, sakafu ya saruji imetoka kupigwa deki, anarushwa hadi kwenye masufuria. Kikao cha familia kinakaa na kutoa uamuzi kwamba dada ana damu nyepesi. Sakafu haiitwi kutoa ushahidi.

Lugha nayo ina lawama yake. Neno letu la mtaani ni moja, shoti, na linabeba mambo mawili: nyaya kugusana, na mtu kupigwa na umeme. Ukimpigia fundi simu ukamwambia "kuna shoti kwenye friji," atakuja kutafuta nyaya zilizogusana, atazikosa, utampa nauli, ataondoka. Friji litamsindikiza kwa macho.

Hatua ya pili ni tesita, ile bisibisi yenye kitaa ndani. Ukiigusisha kwenye bodi la friji ikawaka, ita majirani waone, kwa sababu ndiyo sherehe pekee utakayoipata. Kitaa kile huwashwa na umeme kidogo mno unaopita mwilini mwako, na hakisemi umetoka wapi. Kompyuta ya mezani iliyo nzima kabisa, ikichomekwa kwenye soketi isiyo na ethi, nayo itakiwasha. Ndani yake kuna kichujio kinachopitisha umeme kidogo kwenda kwenye bodi, na ukipima kwa multimita unaweza kukuta volti 115 hivi, nusu ya zile 230 za ukutani. Huo hutekenya, kama sisimizi anayepanda mkononi. Waya wa laivu uliochubuka na kuegemea bodi hautekenyi, unauma kama nyoka. Lakini sisimizi na nyoka hapa wana ujumbe mmoja: njia nzuri ya kwenda ardhini haipo. Ingekuwepo, ungeligusa friji usisikie lolote.

Sasa itazame soketi. Plagi zetu za pini tatu ni za kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, na pini ya juu ilifanywa ndefu makusudi, ili ethi iwe ya kwanza kuingia na ya mwisho kutoka, na iwe ndiyo inayofungua vijilango vya matundu mawili ya chini. Sisi tumelipa tundu lile la juu kazi nyingine: la kuchokonolea. Ukiwa na chaja ya pini mbili, unaingiza kalamu au kijiti pale juu, vijilango vinafunguka, unachomeka, maisha yanaendelea. Sijawahi kuingia ofisi ya mtu mwenye shahada isiyo na kalamu ya kazi hiyo. Halafu ifungue ekstensheni uliyouziwa barabarani kwa bei nzuri. Nje ina matundu matatu. Ndani, nyaya mbili. Lile la tatu ni pambo.

Ukishindwa yote hayo, mwite fundi mwenye balbu. Huyu utamjua kwa holda yenye nyaya mbili zinazoning'inia. Mmoja anauweka kwenye laivu, mwingine kwenye ethi, balbu inawaka, anakutazama kama daktari aliyeona mtoto wa kiume: "Ethi unayo." Unalipa. Tatizo ni kwamba balbu ya wati 60 haijui kusoma. Inavuta robo ya ampea tu, na hata kama ethi yako ina ukinzani wa omu 100, yaani ni ethi ya jina, balbu itabaki na zaidi ya volti 200 na kuwaka vizuri tu. Na kama waya wa ethi umekatika huko chini ya ukuta, fundi atakuwa ameusukuma umeme kupitia balbu yake ukakae kwenye bodi la kila chombo chenye ethi: friji, pasi, mashine ya kufulia. Wakati huo mkeo anaipokea pasi kwa mtoto.

Mimi nilichoka na balbu, nikaamua kuufuata waya wenyewe. Ulitoka kwenye meni swichi, kijani chenye mstari wa njano, ukashuka ukutani umepigiliwa kwa klipu, ukazama ardhini karibu na karo la maji machafu. Kitaalamu pale chini inatakiwa kuwe na ethi rodi, chuma kilichopakwa shaba, kirefu cha mita moja na zaidi, kimekazwa kwa klampu. Niliushika waya kwa kiganja nikauvuta, polepole, kama mtu anayeng'oa mchicha. Ukatoka wote. Mwisho wake ulikuwa umekunjwa kama ndoana, umefukiwa kina cha kisigino. Hakukuwa na chuma, wala klampu, wala tundu la kuonyesha kwamba mwizi wa vyuma chakavu alipita. Nyumba nzima ilikuwa imeegeshwa kwenye ndoana ile, mwaka baada ya mwaka, na kodi nalipa ya miezi sita sita.

Sasa fikiri nilikuwa nimeshika nini. Waya ule ulikuwa umeungana na bodi la friji, na friji lilikuwa na laivu iliyochubuka. Siku ile umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nami nilikuwa nimeulaani tangu alfajiri.

Mwenye nyumba alipokea habari kwa utulivu. Akamleta mtu, mtu akapigilia kipande cha nondo, akachimba kuzunguka, akamwaga mkaa na chumvi kilo mbili, akasema kila jioni nimwagilie. Usicheke, chumvi na maji vinasaidia kweli: ardhi yenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko mchanga mkavu, ndiyo maana friji lililotulia masika huanza kusalimia tena kiangazi. Ila chumvi hiyohiyo hula chuma. Nilikuwa namwagilia nondo inayooza.

Na hata ingekuwa nzima, fanya hesabu ya darasa la saba. Tuseme ethi ina omu 20, ambazo mafundi wengi wa mtaani wangezipigia makofi. Volti 230 gawanya kwa 20, unapata ampea 11 na nusu. Breka ya ampea 32 ikiona hizo, inaona birika la chai. Haikatiki ng'o. Laivu itaendelea kulala kwenye bodi la friji, na breka itaendelea kulala kwenye kisanduku. Ethi ikiwa omu 100, zinavuja ampea 2.3, zaidi ya wati 500 mchana na usiku, karibu uniti 13 kwa siku. Wewe utakaa kumshuku mpangaji wa chumba cha nyuma kwamba anapikia jiko la umeme kwenye LUKU yako.

Kazi hii ni ya RCD, kile kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata ikipotea kiasi cha miliampea 30. Kuna nyumba zilizowahi kuwa nacho. Kilikuwa kinakatakata, familia ikakosa tamthilia, fundi akaitwa akakiruka kwa kipande cha waya, kikatulia. Ndani ya nyumba kilikuwa chenyewe tu kinachosema ukweli, na yakakipata yanayowapata wasema kweli.

Kuna fundi mwingine, msomi kidogo, ambaye hatahangaika na ardhi. Anafungua soketi na kuunganisha tundu la ethi na nyutro kwa jampa. Tesita inanyamaza, balbu inawaka, friji linaacha salamu siku hiyohiyo. Unamsifu. Utamkumbuka siku waya wa nyutro utakapolegea huko nguzoni, kwa sababu saa hiyo kila bodi la chuma kwenye soketi zake litapanda hadi volti 230 bila chombo chochote kuharibika. Ukipima kati ya nyutro na ethi huku pasi ikiwa inafanya kazi, ukakuta sifuri kavu, usifurahi haraka. Fungua soketi kwanza, ila zima meni swichi.

Kwenye vyuma vya nyumba yenyewe sitanii. Bati, grili za madirisha, tanki la chuma, mabomba, kamba ya waya ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye kenchi: hivi haviuzwi na plagi, kwa hiyo hakuna anayevihesabu kuwa ni umeme. Waya wa kutoka nguzoni ukisuguana na ukingo wa bati hadi ukachubuka, anayekufa ni mama mwenye nguo mbichi mkononi. Mabomba na vyuma vya namna hiyo huunganishwa kwa waya wa kijani na njano na kupelekwa kwenye ethi moja, na waya wa nguzoni huinuliwa usiguse bati kamwe. Ukisikia mtu anasema mvua ikinyesha geti linatekenya, usimwambie ni baridi.

Fundi mwenye leseni ya EWURA na mashine ya kupima ethi yupo, na gharama yake haifiki ya friji jipya. Akifika, kabla hajafungua mkoba, muulize: "Ethi yangu ni omu ngapi?" Akikutajia namba aliyoisoma kwenye mashine mbele yako, mwache afanye kazi. Akijibu "ipo," mpe chai, mshukuru, tafuta mwingine.