Pumzi kwa Ada

Siku hizi hata kupumua kuna mkufunzi, ada na cheti. Tusicheke mapema: utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa dakika 5 kwa siku za kushusha pumzi taratibu ziliwachangamsha watu kuliko kutafakari kimya. Pua nayo huchuja vumbi na kuipasha hewa joto, kazi ambayo mdomo hauifanyi vizuri kiasi hicho. Basi, mtasema, bosi ana haki ya kutuitia semina ya pumzi, projekta na maji ya chupa juu. Anayo. Ila pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo, hailipi malimbikizo ya mshahara. Na kushusha pumzi wafanyakazi walishafuzu zamani, kila wakiangalia salio.