Mwongozo wa Mtu wa Bara Anayetaka Tingatinga Diani

Umeshuka treni, umevuka feri Likoni, na sasa umesimama mbele ya kibanda cha picha ufukweni ukijiona mjuzi. Soma haya kwanza.

Moja: usimuulize muuzaji kama amechora mwenyewe. Ataitikia. Jirani yake mwenye picha hiyohiyo, twiga kwa twiga, naye ataitikia. Usikasirike. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, wanafunzi wamejifunza kwa kunakili. Hata mfalme Akbar wa India, alipotaka visa vya shujaa Hamza vichorwe, aliweka kundi la mafundi chini ya wakuu waliotoka Uajemi: huyu anachora mistari, yule anatia rangi. Picha zipatazo 1,400, miaka kama 15. Hakuna aliyedai orijino.

Mbili: kisa kinauzwa pamoja na picha, na hubadilika kwa mteja. Picha ya mashetani ni ileile, lakini Mjerumani ataambiwa ni harusi. Wewe, kwa kuwa una uso wa kesi ya shamba, utaambiwa ni ndugu wanaogombania urithi. Sikiliza, kisha uangalie mwenyewe. Mke anakoroga sufuria, kuku yuko chini ya kitanda, mume anachungulia dirishani na panga, mganga keshafika mlangoni. Yote kwa mpigo, bila kivuli, bila mbali wala karibu. Mtu akionekana mara mbili, usiseme fundi kalewa: saa imesonga, picha ni ileile.

Tatu: usibishe kuhusu Kilimanjaro iliyo nyuma ya mnazi. Mlima huo huenda popote penye wateja.

Nne: nusa. Hiyo ni rangi ya mafuta, na haina haraka ya kukauka. Tingatinga mwenyewe alichora kwenye hadibodi za mraba. Kitambaa kilipendwa baadaye kwa kuwa hukunjwa kikaingia kwenye begi. Kikunje kibichi, ufike Nairobi na chui aliyegandamana na mkia wake.

Tano: "bei ya asubuhi" huanza alfajiri na kwisha magharibi. Omba upunguziwe, lakini usimalizie kwa kuuliza maana ya picha. Maana ina bei yake.

Sita: wageni wako watakuuliza ukutani pana nini. Utaanza na mke na sufuria, na kabla chai haijapoa utakuwa umeongeza shetani mmoja ambaye hayumo.