Tuisifu Waifai Inayogoma

Wenye kusifu minazi na bahari waendelee, wapo wengi. Mimi naisifu waifai ya Linux, hasa ile iliyomo ndani ya laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo ikapanda daladala hadi Tangini, Kibaha.

Kwanza ina staha. Haichungulii mitandao ya majirani, kwa sababu haiioni. Hata ruta ya sebuleni haiioni.

Halafu inafundisha. Ili ishike mtandao, sharti upakue famuwea, programu inayokaa ndani ya kadi ya waifai. Ili upakue, sharti uwe na intaneti. Ili uwe na intaneti, sharti ishike mtandao. Kijana wa Tangini analikata fundo hilo kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB, na bando linaanza kuteketea. Simu yenyewe ni Android, inaendeshwa na kiini kilekile cha Linux alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Ndugu wa damu hao, lakini mmoja anadaka mtandao hadi chini ya mkorosho.

Famuwea ikishaingia, waifai bado kimya. Anaandika amri ya rfkill list, anajibiwa kuwa waifai imefungwa. Imefungwa na nani? Anasoma hadi usiku wa manane. Shangazi anapita na kandili.

"Mwanangu, na hiki kidude cha ubavuni?"

"Shikamoo shangazi, hicho hakihusiani."

Anakisukuma kwa ukucha. Taa inawaka.

Wazee wa kazi wanakumbuka kadi za kampuni ya Broadcom, ambazo famuwea yake ilibidi ichunwe kwenye draiva za kampuni hiyo kwa programu ya b43-fwcutter. Septemba 2010 kampuni ikatoa draiva huria kwa baadhi ya kadi zake mpya, na watu wakapoteza ufundi wa kuchuna. Watumiaji wa FreeBSD, mfumo mwingine huria, ndio waungwana zaidi: wana wifibox, yaani Linux ndogo iliyopangishwa ndani ya kompyuta kama mpangaji wa chumba cha uani, kazi yake kushika waifai tu.

Uhondo huu unapungua. Kwa watumiaji wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, tangu toleo la 12 la mwaka 2023 famuwea inakuja pamoja na mfumo. Tumaini limebaki kwenye vile vijidude vya waifai vya USB: boksi lilelile, jina lilelile, na ndani chipu tofauti na ya mwezi uliopita.